Safari ya Siku Saba kati ya Maziwa Mawili

Ziwa letu la Kivu liko juu, mita 1,460 kupita usawa wa bahari. Ziwa Tanganika liko chini, mita 770 hivi. Mto Ruzizi watoka hapa Bukavu, wapita katika makorongo membamba hadi Kamanyola, kisha washuka katika uwanda wa joto na kuingia Tanganika karibu na Uvira. Urefu wake ni kilometa 120 hivi. Hapo kale, kabla ya kuja magari, mwenye mizigo aliyetaka kwenda toka ziwa hili hadi lile alihesabu juma zima. Yafaa tujue jinsi safari za namna hiyo zilivyopangwa, maana mna fundisho ndani yake.

Jambo la kwanza ni kuuliza wenyeji. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira wakitafuta chanzo cha mto Nili. Walitumaini kwamba Ruzizi hutoka Tanganika na kwenda kaskazini. Wenyeji waliwaambia wazi kwamba mto huo huingia ziwani. Wageni wakarudi bila kufika mlangoni pa mto, na wataalamu wa Ulaya wakaendelea kubishana miaka 13. Ndipo Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipokwenda kwa mtumbwi, wakayaona kwa macho yao maji ya Ruzizi yakiingia Tanganika. Kuuliza si ujinga, lakini aliyeuliza sharti akubali jibu.

Jambo la pili ni vituo. Msafara uliondoka alfajiri na kutua kabla ya jua kali la mchana. Kituo hakikuchaguliwa kwa kupima urefu wa njia tu, bali palipo na maji, kuni na watu wenye chakula cha kuuza. Tukiigawa njia yetu kwa kanuni hiyo, twapata hivi. Siku ya kwanza, Bukavu hadi Nyangezi, ambapo Mapadri Weupe walianza misioni mwaka 1906. Siku ya pili, hadi juu ya mteremko wa Ngomo. Siku ya tatu, kushuka Kamanyola. Siku ya nne Luvungi, ya tano Luberizi, ya sita Sange, ya saba Uvira. Tena kiangazi ndiyo majira yake, toka Juni hadi Agosti, kwa sababu wakati wa masika mito itokayo milimani hufurika na kukata njia.

Jambo la tatu, lililo gumu kuliko yote, ni mizigo. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi, na juu yake mkeka wake na posho yake. Fedha haikutumika njiani. Watu walinunua chakula kwa nguo ya merikani, ushanga na chumvi, navyo pia vilibebwa begani. Hivyo kila kitu alichotaka bwana, kitanda, meza au hema, kilidai bega jingine, na bega hilo lilidai chakula, na chakula kilidai mabega mengine. Mpangaji mwenye akili alianza kwa kupunguza vitu vyake mwenyewe.

Imani yetu nayo ilikuja kwa njia hiyo. Mwaka 1878 Wamisionari 10 wa Kardinali Lavigerie waliondoka Bagamoyo kwa miguu kuelekea maziwa makuu. Padri Pascal, mmoja wao, alikufa njiani mwezi wa Agosti. Mwishoni mwa mwaka 1899 Askofu Hirth naye alisafiri kwenda Rwanda. Msafara wake ulipita Usumbura, ukapanda hadi Shangi, ng'ambo ya ziwa letu, ukafika Nyanza kwa Mwami Musinga tarehe 2 Februari 1900. Pamoja naye walikuwako makatekista wa Buganda na wapagazi. Majina ya Mapadri twayasoma katika vitabu. Majina ya wapagazi ni shida kuyapata.

Wala si wote waliobeba kwa hiari. Wakati wa utawala wa wageni wengi walilazimishwa. Katika vita vya 1914 hadi 1918 serikali ya Ubelgiji ilitwaa Wakongo zaidi ya 200,000 kubeba vyakula na risasi. Mwaka 1916 majeshi yalivuka Ruzizi kwenda kupigana na Wajerumani, na nyuma yao milolongo ya wapagazi. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na kuhara, kwa sababu waliopanga vita walihesabu mizigo wasihesabu watu. Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyebeba huona mwepesi.

Hapo Mkristo amkumbuke Simoni Mkirene. Yeye naye alikamatwa njiani, akabebeshwa asichokitaka. Lakini Mwinjili Marko hakumsahau. Aliandika jina lake, tena na majina ya wanawe wawili, Aleksanda na Rufo.

Neno hili si la zamani tu. Mwaka 1996, na tena mwaka 2025, watu wengi waliikimbia vita kwa miguu katika bonde hili la Ruzizi. Hao hawakupata nafasi ya kuuliza njia, wala kuchagua kiangazi, wala kupima mzigo. Mama alibeba mtoto mgongoni na godoro kichwani. Wengine walivuka mto kwenda Burundi.

Wasioweza kupanga safari yao, sisi tunaoishi kando ya njia twaweza kuwapangia vituo. Kila parokia na iulize sasa, kabla ya siku ya taabu: maji ya kunywa yatachotwa wapi, nani atapika uji, wazee na wajawazito watalala katika nyumba gani, nani atampokea mama mzigo wake mlimani. Tena, wapitapo watu hao, katekista awe na daftari, awaulize majina yao na kuyaandika, ili ndugu wanaotafutana waweze kuonana.