Maneno ya Mashariki katika Mafundisho ya Kikristo ya Unyamwezi

Kusini ya Tabora, ukiisha kupita Sikonge, pana mahali paitwapo Ipole, ziachanapo barabara ya Mbeya na ile ya Mpanda. Huko, mwanzoni mwa karne ya 20, Wamoravian wa Ujerumani walijenga kituo cha misheni. Kanisa lao lina asili yake katika wafuasi wa Jan Hus wa Bohemia, aliyechomwa moto mwaka 1415, nalo lilihuishwa Herrnhut mwaka 1727. Mafundisho yao yalikuwa ya Magharibi. Lakini sehemu kubwa ya maneno waliyoyakuta katika Kiswahili haikuwa ya Magharibi.

Kabla ya misheni yo yote kufika, misafara ya pembe ilikuwa imekwisha pita miaka mingi kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, nao waliporudi kwao walirudi na Kiswahili. Mapadre Weupe walifika Tabora mwaka 1878, na mwaka uliofuata Dr. Southon wa misheni ya London alifika Urambo kwa mtemi Mirambo. Mwaka 1898 kituo cha Urambo kilikabidhiwa Wamoravian. Wote hao waliikuta lugha iliyokwisha kuwa na msamiati wa dini.

Imezoeleka kusema kwamba msamiati huo ni wa Kiislamu. Ni kweli kwamba Waislamu wa pwani ndio walioueneza, lakini si wote uliozaliwa katika Uislamu. Neno "kanisa" Waarabu walilipata katika Kiaramu, na maana yake ya asili ni mkutano. "Kasisi" latoka katika Kisiria, maana yake mzee. "Injili" asili yake ni Kiyunani, yaani habari njema. Wakristo wa Mashariki waliyatumia maneno hayo kabla ya kutokea Uislamu. Basi Mnyamwezi aliyekwenda kanisani kumsikiliza Mjerumani alitumia, pasipo kujua, neno la Wakristo wa Shamu. Na jirani yake Mkatoliki, aliyesema "padre", "misa" na "altare", alifuata njia ya Kilatini na ya Kireno.

Hata hivyo, neno huja na mzigo wake. "Roho Mtakatifu" ni mfano ulio wazi. Wafasiri wengi wa Kurani husema kwamba Ruhul-Qudus ni malaika Jibrili; mwalimu wa Kikristo alimkusudia mmoja wa Utatu. Tena, msikilizaji wa Unyamwezi alikuwa na mizimu ya wazee wake, na majina yake ya Mungu: Likube na Limatunda. Hayo Wilhelm Blohm, mmisionari wa Kimoravian, aliyashughulikia katika kitabu chake juu ya Wanyamwezi, kilichotolewa kuanzia mwaka 1931.

Ni nani, basi, aliyeamua maana? Mnamo Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Tabora, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Ushirika haukufa, ulibaki mikononi mwa waalimu wa Kinyamwezi. Hao hawakuandika vitabu vya theolojia, lakini kila walipofundisha iliwapasa kueleza roho ni nini, na sadaka yatofautianaje na tambiko. Kazi hiyo yastahili kuitwa theolojia, na historia yake haitaandikwa vema kwa kusoma kumbukumbu za Herrnhut peke yake.