Tangier: Mlango wa Nani?

Ukisimama kwenye ngome ya Tangier, kaskazini kabisa mwa Moroko, siku isiyo na ukungu utaiona Hispania kwa macho. Mlango-bahari wa Gibraltar, pale ulipo mwembamba, ni kama kilometa 14 tu. Ujirani huo ndio neema ya mji huo, na ndio balaa lake.

Zamani mlango huo ulifunguka pande zote. Mwaka 711 liwali wa Tangier, Tariq bin Ziyad, alivuka na jeshi hadi Hispania. Jina la Gibraltar, yaani Jabal Tariq, ni ukumbusho wake. Mwaka 1304 alizaliwa humo Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331.

Kisha wakaja mabwana. Wareno waliuteka mji mwaka 1471. Mwaka 1661, Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alipomposa binti wa kifalme wa Ureno, Catherine, mji mzima ukatolewa kuwa zawadi ya arusi! Waingereza nao, wakizingirwa na majeshi ya Sultani Moulay Ismail, walihama mwaka 1684. Kabla ya kuondoka wakalipua ukuta wa bandari walioujenga kwa mikono yao.

Mwaka 1923 Uingereza, Ufaransa na Hispania zilikubaliana kuufanya mji huo eneo la kimataifa. Wakamiminika mabenki, wafanya magendo, majasusi na waandishi. Wageni waliusifu kwa uhuru wake. Lakini uhuru wa nani? Mwakilishi wa Sultani alikuwapo, ila mamlaka yalikuwa mikononi mwa wageni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa hawakushika jembe, walishika kasha la fedha.

Mwaka 1947 Sultani Mohammed wa Tano alihutubia Tangier, akadai haki na umoja wa nchi yake. Mwaka 1956 mji ukarudi Moroko, na fedha nyingi za wageni zikahama.

Leo bandari mpya ya Tanger Med, iliyofunguliwa mwaka 2007, ni miongoni mwa kubwa kabisa barani Afrika. Makontena huvuka usiku na mchana. Vijana je? Tangu mwaka 1991 Hispania inawataka Wamoroko wawe na viza, na wengi wamekufa maji wakijaribu kuvuka kwa vidau. Mlango umerudi kwa wenyewe. Ufunguo bado uko ng'ambo.