Nani Anazijua Sifa za Klasi?

Andika jina la kitu, weka nukta, na kabla kidole hakijaondoka kwenye kitufe kihariri kimekwisha kukufungulia orodha: salio, mmiliki, tareheYaKufungua. Wengi wetu tumeizoea orodha hiyo mpaka tunaichukulia kuwa sehemu ya lugha tunayoiandika. Kumbe kila orodha ya namna hiyo ni ushahidi uliokusanywa, na mila za utengenezaji wa programu zinatofautiana sana kuhusu shahidi wa kuaminiwa. Tofauti hizo zina uzito, kwa sababu jina la sifa likikosewa, ni heri kihariri kiling'amue kabla halijamfikia mteja.

Mila ninayoiheshimu kuliko zote ilikulia Xerox PARC, Palo Alto, katika miaka ya 1970, mikononi mwa Alan Kay, Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao. Katika lugha yao, Smalltalk-80, programu haikai kwenye mafaili yaliyotawanyika. Inakaa ndani ya taswira moja ya kumbukumbu, na humo klasi nazo ni vitu hai vinavyoweza kuulizwa maswali. Kivinjari cha msimbo, ambacho Larry Tesler aliweka misingi yake, kina sehemu nne kwa juu: makundi ya klasi, klasi zenyewe, makundi ya mbinu, kisha mbinu. Chini yake unasoma mbinu moja kwa wakati. Kati ya sehemu hizo nne hakuna hata moja ya sifa. Vibadilika vya kitu vimetajwa tu ndani ya tamko la klasi, jina baada ya jina, bila aina wala alama ya siri au uwazi. Sababu iko katika imani ya lugha: vibadilika ni mambo ya ndani, na aliye nje hana njia ya kuvifikia ila kwa kutuma ujumbe. Kwa hiyo kivinjari kinatanguliza yale ambayo kitu kinaweza kuyaitikia.

Ukitaka kuziona sifa unafungua kikaguzi juu ya kitu chenyewe. Kushoto kuna majina ya vibadilika, kulia kuna thamani iliyopo sasa hivi: salio ni 45000, mmiliki ni kitu kingine, ambacho nacho unaweza kukifungua na kuendelea kuchimba. Ongeza kibadilika kipya kwenye klasi, na vitu vilivyokwisha kuundwa vinakipata papo hapo, kikiwa na nil. Hapo kihariri hakibahatishi. Kinaiuliza klasi, nayo inajibu. Mahali kinapokwama ni pale unapoandika msimbo ambao haujaendeshwa: kwa kuwa kibadilika hakina aina, hakuna njia ya uhakika ya kujua kitabeba kitu gani, na orodha ya mapendekezo inafurika majina ya mfumo mzima.

Watumiaji wa kihariri cha vi kwenye Unix ya Berkeley walikuwa na kitu cha kawaida zaidi, ctags ya Ken Arnold: faili la maandishi lenye jina, mahali linapopatikana na ruwaza ya kulitafutia. Linakufikisha kwenye mstari, basi. Wapo wanaoridhika nalo hadi leo, nami siwalaumu.

Java ilimchagua shahidi mwingine, yaani tamko. Sifa haipo mpaka iandikwe pamoja na aina yake. Mstari mfupi kama private long salio; unamtosha msomaji wa kimashine kujua jina, aina na nani anayeruhusiwa kuigusa, hata kama programu haijaendeshwa hata mara moja. Eclipse, iliyotoka IBM mwaka 2001, huusoma msimbo upya wakati bado unachapa, hujenga mti wa sarufi yake, kisha huonyesha muhtasari pembeni: kimraba chekundu kwa sifa ya siri, kiduara cha kijani kwa iliyo wazi, umbo la almasi la manjano kwa iliyolindwa. Umbo likiwa tupu katikati ni sifa, likijazwa rangi ni mbinu. Mtu aliyezoea alama hizo huipima klasi ngeni kwa kuitupia jicho tu. Akiona viduara vya kijani vilivyo tupu vimejaa, anajua mwandishi ameacha milango wazi.

Eclipse ina damu ya Smalltalk, jambo ambalo wengi hawalijui. Kabla yake IBM ilikuwa na VisualAge for Java, zana ya Java iliyojengwa kwa Smalltalk. Erich Gamma, aliyeongoza kazi ya zana za Java ndani ya Eclipse, baadaye aliongoza timu ya Visual Studio Code huko Microsoft. Mila hizi zilipokezana watu na mawazo.

Hata Java haikukwepa mazoea. Kanuni za JavaBeans za mwaka 1997 zilikubali kwamba getSalio na setSalio kwa pamoja ni sifa iitwayo salio, na hapo kihariri kikalazimika kufuata desturi badala ya sarufi. C# ilimaliza utata huo kwa kuipa sifa nafasi yake ndani ya lugha, tofauti na uga unaohifadhi thamani.

Penye taabu hasa ni kwenye Python na PHP. Katika Python sifa huzaliwa pale mtu anapoandika self.salio = 0, na anaweza kuandika hivyo ndani ya mbinu yoyote. Kihariri kinapitia klasi nzima kikiokota kila self kinayoiona, kisha kinakisia. PyCharm hukuonya ukianzisha sifa nje ya __init__, na onyo hilo ni la haki. Sifa iliyoundwa kwa setattr, jina lake likitoka kwenye faili la data, haionekani kabisa.

PHP inaumiza zaidi. Chukua klasi ya Mteja katika Laravel. Ndani yake hakuna sifa simu. Inatoka kwenye safu ya jedwali la hifadhidata kupitia __get. Mtu akibadilisha jina la safu kuwa namba_ya_simu, mstari $mteja->simu unabaki ulivyo, kihariri kinanyamaza, na kwa mpangilio wa kawaida Laravel inarudisha null bila kulalamika. Ujumbe hauendi kwa mteja na hakuna anayejua kwa nini. Tiba iliyozoeleka ni kuandika @property kwenye maelezo yaliyo juu ya klasi, maelezo ambayo hakuna anayeyalazimisha yalingane na jedwali.

Mwaka 2016 Microsoft, Red Hat na Codenvy walitangaza itifaki ya pamoja ya vihariri na lugha, LSP. Seva ya lugha inatuma alama, kila alama na namba yake ya aina: 5 ni klasi, 6 ni mbinu, 7 ni sifa, 8 ni uga. Ni kazi kubwa, na imewanufaisha hata wanaotumia Vim na Emacs. Lakini ndani ya namba 7 sifa iliyotangazwa na sifa iliyokisiwa zinavaa sare moja. Itifaki haina mahali maalumu pa seva kusema ina uhakika kiasi gani, na hilo nalihesabu kuwa upungufu mkubwa.

Lugha zenyewe zimeanza kuegemea tamko. Python 3.6 iliruhusu kuandika aina za sifa juu ya klasi, PHP 7.4 ikafanya vivyo hivyo, na tangu PHP 8.2 ya mwaka 2022 kubuni sifa ambayo haikutangazwa kunaleta onyo. Mimi niko upande huo. Kikaguzi cha Smalltalk kinabaki kuwa shahidi bora kwa programu inayoendeshwa, ila timu yenye watu wengi, inayosoma msimbo ambao bado haujaendeshwa, inahitaji tamko. Ndugu zangu mnaoandika Python na PHP, tangazeni sifa zenu juu ya klasi, pamoja na aina zake, kabla ya mbinu ya kwanza. Nanyi mnaotengeneza vihariri, wekeni alama tofauti kwa sifa mliyoisoma na sifa mliyoikisia.