Mjumbe, mwanafunzi na droni: Dar es Salaam ilivyochorwa upya

Mwaka 2011 Tandale, jijini Dar es Salaam, ilikuwa na soko kubwa la nafaka, nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta na maelfu ya wakazi. Kwenye ramani za intaneti ilionekana kama kiwanja kitupu. Mwaka huo wanafunzi wa mipango miji wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia vichochoroni wakiwa na vifaa vya GPS, wakiongozana na wakazi wenyewe. Waliowafundisha kazi walikuwa wametoka kuichora Kibera, Nairobi, mwaka 2009. Walichokusanya kiliingizwa kwenye OpenStreetMap, ramani huru iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote anaweza kuisahihisha.

Desemba ya mwaka huohuo mvua ilinyesha Dar es Salaam kuliko ilivyozoeleka kwa miongo mingi. Zaidi ya watu 40 walifariki kwa mafuriko, na baadhi ya familia za bonde la mto Msimbazi zikapewa viwanja Mabwepande. Ikawa wazi kwamba jiji la watu zaidi ya milioni nne, kwa sensa ya 2012, halikuwa na ramani ya kuonyesha nyumba zipi ziko kwenye njia ya maji.

Mradi wa Ramani Huria ulizaliwa mwaka 2015 kutokana na pengo hilo. Benki ya Dunia ilikuwemo, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ya Kijitonyama ikawemo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi vikatoa wanafunzi, na Msalaba Mwekundu nao ukashiriki. Majina makubwa hayo yanapendeza kwenye mabango, lakini mradi ulisimama kwa namna watu walivyopangwa mtaani.

Timu ya kawaida ilikuwa na watu wa aina tofauti kabisa. Mwanafunzi alishika simu janja yenye fomu ya maswali, au karatasi ya ramani iliyochapwa ili ichorwe kwa kalamu. Mwenzake alivuta tepu kupima upana na kina cha mtaro. Mbele yao alitangulia mjumbe wa shina, yaani kiongozi wa kundi dogo la kaya, au mkazi aliyeteuliwa na serikali ya mtaa, na huyo ndiye aliyejua mtaro umezibwa wapi, kisima ni cha nani, na mwaka wa mafuriko maji yalifika usawa wa dirisha au wa kitanda. Ofisini walikuwepo waliohamishia data kwenye kompyuta, na wengine walioziingiza kwenye InaSAFE, programu iliyobuniwa Indonesia kwa msaada wa Australia ili kukadiria athari za majanga.

Halafu ramani ilirudi mtaani. Ilichapwa, ikatandikwa mezani mbele ya mwenyekiti na wakazi, wakaonyesha kwa kidole: hapa mpaka umekosewa, zahanati hii imehama. Timu ikarudi kusahihisha.

Watengenezaji wa programu wanaufahamu utaratibu huu. Mwaka 1986 Wajapani Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka walieleza jinsi kampuni kama Honda na Canon zilivyowaweka wataalamu wa fani mbalimbali kwenye timu moja tangu mwanzo, badala ya kila idara kumaliza yake na kuikabidhi kwa inayofuata. Februari 2001, watengenezaji wa programu 17 walikutana Snowbird, Utah, Marekani, wakaandika ilani iliyosisitiza kazi ya awamu fupi na mtumiaji awe karibu. Tofauti ni kwamba huko mtumiaji hualikwa kikaoni, ilhali kwenye mitaa ya Dar es Salaam kama Hananasif au Keko mtumiaji ndiye aliyeshika usukani. Wapo wanaopenda kumwita mjumbe “mdau”. Ni kumpunja, kwa sababu hakuna shahada inayofundisha mpaka wa shina unapita nyuma ya choo cha nani.

Haja ya kurudiarudia ilijionyesha mapema. Desemba 2015 serikali ilibomoa nyumba za mabondeni, zikiwemo za Mkwajuni, Kinondoni, na chochote kilichochorwa hapo miezi michache nyuma kikawa kimepitwa na wakati. Kisha wilaya ya Kinondoni ikamegwa ikazaliwa Ubungo, Temeke ikamegwa ikazaliwa Kigamboni. Ramani iliyotengenezwa kama jengo, ikikamilika mara moja na kukabidhiwa, isingefaa kitu.

Droni ziliongeza kasi. Ndege ndogo aina ya eBee, inayorushwa kwa mkono, ilipiga picha za mapaa kwa undani ambao picha za setilaiti hazikuufikia. Lakini picha ya bati haisemi ndani kuna familia ngapi, wala haioni mtaro uliofunikwa na takataka. Ndiyo maana awamu ya pili, iliyoanza mwaka 2017, iliwachukua mamia ya wanafunzi kwa mafunzo ya vitendo, wakapima mitaro na kuchora mipaka ya mashina pamoja na wajumbe wake.

Kwenye droni, Zanzibar ilichukua njia yake. Kuanzia mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifundishwa kurusha droni wenyewe, kazi ikisimamiwa na Kamisheni ya Ardhi, na Unguja na Pemba zikapigwa picha kutoka angani na vijana wa hukohuko.