Mkonge Ulitupita, Mkongo Usitupite

Mkonge na mkongo vinatofautiana kwa herufi moja tu. Mkonge mnaujua. Mkongo ni zile nyaya za mawasiliano zinazofukiwa ardhini, zenye nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Watu wa Korogwe na Handeni wana sababu ya kuvitazama vyote viwili kwa pamoja.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani ilikuwa 62 tu. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaenea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu iliongoza duniani, ikitoa tani zaidi ya 200,000 kwa mwaka. Lakini sehemu kubwa ya nyuzi iliuzwa ghafi, kamba zikasokotwa Ulaya, na bei ikazungumzwa hukohuko. Manamba aliyekata majani hakuwamo kikaoni. Nyuzi za plastiki zilipoingia sokoni, yeye alipata habari kazi ilipokwisha.

Sasa tuje kwenye mkongo. Kabla ya mwaka 2004, ujumbe wa kampuni moja kwenda nyingine, zote za Dar es Salaam, uliweza kuzunguka kwa setelaiti hadi Ulaya au Marekani ndipo urudi. Mwaka huo kikaanza kituo cha TIX cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti hapahapa nchini. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ukafika. Hata hivyo, tovuti za biashara zetu zinazohifadhiwa kwenye seva za ng'ambo si chache. Mteja wa Handeni akifungua tovuti ya duka la Korogwe, mwendo wa kilometa 65 hivi, ombi lake huenda likavuka bahari kwanza, na mwenye duka akalipia hifadhi hiyo kwa dola.

Mambo ya namna hii hujadiliwa mikutanoni. Mwezi Mei na Juni 2011, mafundi na kampuni za intaneti za Afrika walikutana Dar es Salaam katika mikutano ya AfNOG na AFRINIC. Palikuwa na mafunzo ya mitambo, na palikuwa na mijadala ya sera za kugawa anwani za intaneti. Katika mijadala hiyo fundi wa kampuni ndogo anaruhusiwa kusema kama mkubwa yeyote.

Basi kampuni ikienda, iende kama timu. Nimeona mara nyingi mkurugenzi akienda semina peke yake, akarudi na begi na kofia, na fundi anayeamshwa usiku seva ikizimika asiambiwe lolote. Aende mkurugenzi, aende fundi, aende na wa mauzo. Wagawane vikao, jioni walinganishe madaftari, na wakirudi wawaeleze waliobaki.

Mtaniambia nauli na malazi ni ghali. Ni kweli. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Kampuni mbili tatu za Korogwe na Handeni zikichangiana, watu wanne watafika.

Manamba hakualikwa kikaoni. Fundi wa leo mlango uko wazi kwake. Anachokosa ni nauli. Tukutane tena wiki ijayo.