Si kila chupa ya kale ya konyaki iliyo na thamani

Mnamo Mei 2020, chupa moja ya konyaki ya Gautier ya mwaka wa 1762 iliuzwa kwa pauni 118,580 katika mnada wa kampuni ya Sotheby's. Habari za aina hii huwafanya wengi wanaorithi chupa zilizojaa vumbi kudhani wameokota dhahabu. Hata hivyo, vumbi na umri havitoshi kuipa chupa thamani.

Konyaki hutokana na mvinyo wa zabibu nyeupe, ambao hukenekwa mara mbili katika mitambo ya shaba na kuhifadhiwa katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka miwili. Jina hilo ni la pombe itokayo eneo la Cognac, magharibi mwa Ufaransa, ambalo mipaka yake iliwekwa kisheria mwaka wa 1909.

Umri wa pipa

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba konyaki hukomaa ikiwa pipani, wala si chupani. Iliyokaa pipani miaka 10 na chupani miaka 50 ingali konyaki ya miaka 10.

Herufi zilizo kwenye lebo huonyesha umri wa chini kabisa wa pombe iliyochanganywa: VS ni miaka miwili, VSOP minne na XO 10. Kabla ya Aprili 2018, kiwango cha XO kilikuwa miaka sita. Neno 'Napoleon' nalo ni jina la daraja tu. Si ushahidi kwamba pombe hiyo ni ya enzi ya mtawala huyo.

Ishara za kuchunguza

Kioo husema mengi. Chupa iliyopulizwa kwa mdomo aghalabu huwa na mapovu, unene usio sawa na kovu kwenye kitako. Mshono wa kalibu unaopanda hadi ukingo wa mdomo ni dalili ya chupa ya mashine, teknolojia iliyoenea katika karne ya 20.

Lebo pia isomwe kwa makini. Chupa zilizouzwa Marekani kati ya 1935 na 1964 zilitakiwa kuwa na maandishi kwenye kioo yanayokataza kuuzwa au kutumiwa tena kwa chupa hiyo. Kinyume chake, lebo iliyo na mistari inayosomwa na mashine za dukani haiwezi kuwa ya miaka ya 1950.

Kiwango cha pombe kikiwa kimeshuka mno, huenda kizibo kinavuja. Lakiri iliyovunjika au lebo mpya juu ya kioo cha kale ni sababu ya kutilia shaka.

Ulaghai

Walaghai hujaza upya chupa halisi kwa pombe ya bei nafuu. Mwaka wa 2017, hoteli moja ya Uswisi ilimuuzia mteja glasi ya wiski iliyodaiwa kuwa ya 1878 kwa karibu faranga 10,000. Vipimo vya maabara, vikiwemo vya kaboni-14, vilionyesha kuwa huenda ilitengenezwa kati ya 1970 na 1972, na mteja akarejeshewa fedha zake. Kipimo hicho hufaa kwa sababu majaribio ya silaha za nyuklia yaliongeza kaboni hiyo hewani kuanzia miaka ya 1950, nayo mimea ikaifyonza.

Kukadiria bei

Thamani hutegemea mtengenezaji, uhaba, hali ya chupa na ushahidi wa ilikotoka. Stakabadhi za ununuzi zisitupwe. Anayetafuta bei alinganishe na bei zilizolipwa minadani, si zile zinazotajwa na wauzaji wenye matumaini.

Chupa ihifadhiwe wima, kwani pombe kali hula kizibo, na iwe mbali na jua. Lebo isisuguliwe wala lakiri isibanduliwe. Kwa aliye Kenya, akumbuke kuwa sheria ya kudhibiti vileo ya 2010 hairuhusu kuuza pombe bila leseni. Ni heri kumtafuta mnadi aliyeidhinishwa.