Makindu: treni haisimami, chai bado ipo

Kama umewahi kwenda Mombasa kwa barabara, lazima kuna mzee kwa gari alisema, "Tusimame Makindu kwa Kalasinga tukule." Mnavua viatu, mnafunika kichwa, mnaketi. Dengu, chapati, chai. Hakuna anayekuuliza dini yako na hakuna bili. Mnapiga picha kwa bustani, mnaendelea na safari. Mimi nimefanya hivyo tangu nikiwa mdogo, na sikuwahi kujiuliza hekalu kubwa hivi la Kalasinga linafanya nini katikati ya Ukambani.

Jibu ni reli. Si SGR, ile ya zamani, iliyoanza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Waingereza walileta watu 31,983 kutoka India kuijenga. Waliokufa ni 2,493: magonjwa, ajali, na ndiyo, simba. Piga hesabu, ni kama watu wanne kwa kila maili. Shuleni mimi nilikaririshwa simba wawili wa Tsavo na Mwingereza aliyewapiga risasi. Hao wengine walikuwa "makuli", mstari mmoja kwa daftari, alama moja kwa mtihani, imeisha.

Sasa, Kalasinga wengi kwa hiyo reli walikuwa mafundi: maseremala, waashi, wahunzi. Makindu palikuwa na stesheni, na waliokuwa wakifanya kazi huko walihitaji mahali pa kuomba. Mwaka wa 1926 wakajenga hekalu. Na hiyo chakula ya bure si mbinu ya kuvuta watalii. Inaitwa langar, desturi ya dini yao: kila mtu anakula chakula kimoja pamoja, tajiri na asiye na kitu.

Linganisha na makumbusho ya reli pale Nairobi. Kuna behewa namba 12, ambamo simba alimtoa afisa wa polisi, Charles Ryall, pale stesheni ya Kima mwaka wa 1900. Yeye ndiye alikuwa anamvizia huyo simba, akashikwa na usingizi. Story kali, nenda ulione. Lakini manze, ni behewa zima kwa mtu mmoja. Wale 2,493 mimi nawakumbuka zaidi nikiwa na sahani ya dengu Makindu.

Kinachoniuma ni hiki. Treni ya SGR inayosimama njiani inasimama Kibwezi, inasimama Emali. Makindu iko katikati ya hizo mbili, na treni inapita tu. Mji uliokuzwa na reli! Kizazi chetu kikizoea treni, nani atapita hapo tena akale na kuuliza maswali?

Kwa hivyo siku moja panda basi. Kula, ongeza chapati, hakuna anayehesabu. Weka kitu kwa sanduku la mchango, hata soo. Na sahani yako urudishe mwenyewe, pale hakuna weita.